Mshenga Aliyefungiwa Chooni

Choo cha uani katika nyumba ninayopanga hapa Temeke kilikuwa mali ya umma. Kijiwe cha bodaboda kiko ng'ambo ya barabara, genge la mihogo liko hatua kumi, na wote hao wakibanwa, njia ni moja. Mama mwenye nyumba alijaribu kufuli. Wapangaji sita, ufunguo mmoja. Siku ya pili ufunguo ukatumbukia, na pale ulipotumbukia hakuna aliyejitolea kuutafuta.

Mimi ni yule mpangaji wa chumba cha mwisho aliyeunda taa inayowaka ukipiga makofi, ikawa inawaka kila jirani akibamiza mlango. Nikajitosa. "Mama, niachie mimi. Nakuwekea kitasa cha umeme, mtu anabonyeza namba ya siri."

Akanitazama kama anavyonitazama tarehe tano nikiwa sijalipa kodi. "Haya baba. Ila kisije kikatutia aibu."

Kitasa nilikipata Kariakoo, cha solenoidi, volti 12. Ndani kina koili: umeme ukipita, ulimi unavutwa ndani na mlango unafunguka, umeme ukikatika, springi inausukuma ulimi nje. Ubongo wa kazi ulikuwa Arduino Uno, kibao kidogo cha kompyuta unachokipangia amri. Sasa pini ya Arduino, hata uibembeleze vipi, mwisho wake ni miliampea 40, na hapo umeshaionea. Koili yangu ilitaka ampea 1 nzima, yaani miliampea 1,000. Ndiyo maana katikati inakaa transista, pini inatoa amri na transista inabeba mzigo. Nilianza na BC547 kwa sababu ndiyo iliyokuwemo kwenye kopo langu. Hiyo uwezo wake ni miliampea 100. Mzigo iliubeba kwa muda wa kupiga chafya moja.

Nikarudi Kariakoo kununua TIP122 mbili, za mabavu. Muuzaji akaniuliza, "Na diodi?" Nikasema nipe, nisije nikaonekana mgeni. Diodi ni kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na yangu ilikuwa 1N4007. Usiku nikailehemu sambamba na koili kama michoro inavyoonyesha, ila ule mstari wake wa rangi ya fedha nikauelekeza upande niliouona unapendeza. Nikabonyeza namba. Taa ya adapta ikazimika, transista ikawa ya moto kama kikaango cha chipsi. Nikaweka transista ya pili na diodi nikaitoa kabisa. Tak! Kikafunguka. Tak! Kikafunga. Nikarudia mara ishirini. Nikahitimisha, kwa ushahidi wa kisayansi, kwamba diodi ndiyo mkorofi, nikaitupa dirishani.

Siku nne kitasa kilifanya kazi. Bodaboda walikuja, wakabonyeza miaka yao ya kuzaliwa, wakaondoka wamebana miguu. Mimi nilikuwa napita uani kama mbunge.

Jumapili ikawa posa ya binti wa mwenye nyumba. Wageni walitoka Tanga alfajiri, washenga watatu, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata. Uani masufuria ya pilau, majiko matatu, moshi kila upande. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kwamba tangu asubuhi mlango wa choo haufungi, na kwamba wapangaji wamerudia desturi yetu ya zamani: ukiwa ndani unaushika mlango kwa mkono, ukisikia hatua unakohoa.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba TIP122 ilikuwa imeshakufa. Na transista za namna hiyo mara nyingi hazifi kwa kukata umeme. Zinakufa zimeuachia upite moja kwa moja. Ulimi ukabaki umevutwa ndani, na kitasa kidogo kama kiberiti, kilichoundwa kupewa umeme sekunde chache tu, kikawa kinakula wati 12 saa baada ya saa.

Mshenga mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe, akaomba msalani. Akaingia, akashika mlango, kama alivyoelekezwa. Na akiwa katikati ya shughuli, koili ikaungua na kukatika. Springi ikafanya kazi yake. Tak!

"Jamani! Mlango huu!"

Nilifika mbio. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimefungiwa, na mlango unatoa moshi."

Nikachomoa adapta. "Mzee, hapo kuna kitufe cha kijani, kibonyeze."

"Nimekibonyeza mpaka kimezama."

Pakawa kimya. Kisha nikasikia mtu ananusa, tena kwa utulivu, kama anayenusa mchuzi. "Kijana, hii si koili iliyoungua?"

"Ndiyo, mzee."

"Unaiendesha kwa kifaa gani? Rilei?"

"Transista, mzee."

Kimya kingine. "Diodi umeweka?"

Nikageuka. Mama mwenye nyumba yupo, mwiko mkononi. Washenga wawili wapo. Watoto wa mtaa mzima wapo. Hakuna aliyejua diodi ni nini, lakini wote walijua, kwa uso wangu tu, kwamba sikuiweka.

"Niliiweka, nikaitoa. Ilikuwa inazima adapta."

"Uliigeuza." Wala hakuwa anauliza.

Kumbe mzee alikuwa fundi redio Tanga mjini, tangu enzi za redio za mbao. Na humo humo ndani, akaanza kunifundisha. "Umeme ndani ya koili ni abiria waliosimama kwenye daladala. Dereva akikanyaga breki ghafla, wao habari hawana, wanaendelea na safari mpaka kwenye kioo. Kioo ndiyo transista yako. Ukiizima, koili inang'ang'ania kuusukuma umeme ule ule, volti zinapanda, 12 zinakuwa mia na ushee, mpaka pahali patoboke. Diodi ni njia ya pembeni. Mstari ukiwa upande wa chanya, abiria wanazunguka humo humo mpaka wachoke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Basi nitoe."

Skrubu za kitasa zilikuwa upande wa ndani, mimi mwenyewe nilizifunga huko kwa kuwaogopa wezi. Nikapitisha bisibisi chini ya mlango. Tukamsikia anafungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nilikuwa nimeikaza kwa hasira, ikamchukua muda, na dua tunazisikia. Alipotoka, kanzu ilikuwa na mstari wa kutu kuanzia begani hadi gotini, na kitasa changu kiko kiganjani mwake kama panya aliyenaswa.

Hakunirudishia. Alikibeba hadi sebuleni, akakiweka juu ya mkeka, pembeni ya barua ya posa. Kwa desturi upande wa mwanamke ndio unaopandisha na upande wa mwanamume unabembeleza. Siku ile kila upande wetu ulipotaja kiasi cha mahari, mzee alikisogeza kitasa mbele kidogo, bila kusema neno. Walitaja mara tatu, na kila mara kiasi kilishuka.

Pilau nililetewa chumbani. Aliyeleta sahani ni mama mwenye nyumba mwenyewe, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza tonge la kwanza.

"Mahari imepungua laki mbili," akasema. "Nimeigawa kwenye kodi yako, miezi minne."