Aida Wanamwimba Karibu Kila Mwaka, Wankoko Wetu Tunamsikia kwa Jina Tu

Jamani leo naomba niongee kuhusu opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa na okestra ikipiga. Najua wengine mkiona hilo neno mtapita tu, mtasema hayo ni mambo ya wazungu na watu wa balozi pale Kampala, lakini hii habari inatuhusu sisi wa huku Uganda, na hasa sisi wa Jinja, kuliko mnavyodhani, na kusema kweli imenikaa moyoni muda mrefu.

Mwaka 2023 kule Verona, Italia, walifanya tamasha lao la opera la 100. Hawa watu wanaimbia ndani ya uwanja wa mawe uliojengwa na Warumi karibu miaka 2000 iliyopita, hauna paa, mvua ikinyesha onyesho linasimama watu wanangoja, na kabla muziki haujaanza, giza likishaingia, watazamaji kule juu kwenye ngazi za mawe wanawasha mishumaa midogo, maelfu ya watu, halafu ndio okestra inaanza. Walianza tarehe 10 Agosti 1913. Ilikuwa miaka 100 tangu azaliwe Verdi, yule mtunzi wao mkubwa, na mwimbaji mmoja wa tenor, ile sauti ya juu ya kiume, Giovanni Zenatello, akaona ule uwanja unafaa kwa kuimba. Wakaimba Aida, opera ya Verdi mwenyewe. Baadaye vita mbili za dunia ziliwakatiza ndiyo maana hesabu ya 100 imechelewa kufika. Na hiyo 2023 unajua walifungua na nini? Aida tena! Tarehe 16 Juni, imetengenezwa upya na Stefano Poda, mavazi mapya, mataa mapya, kila kitu kimebadilika kwa macho, lakini nota ni zile zile alizoandika Verdi.

Hapo ndipo mimi nawavulia kofia. Kwa sababu kusherehekea miaka mingi ya kikundi au ya jumba la sanaa, kwa maoni yangu, ni kuzirudisha kazi zenyewe jukwaani zikaimbwa na watu walio hai leo, vijana wazisikie kwa masikio yao. Keki na hotuba na mgeni rasmi kuchelewa masaa matatu hiyo ni sherehe ya watu wa meza kuu tu.

Sasa kwa nini nasema inatuhusu. Aida ni binti mfalme wa Ethiopia, ametekwa, amekuwa mtumwa Misri, anampenda jemadari wa jeshi lile lile linalokwenda kumpiga baba yake. Opera yenyewe iliimbwa kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, kabla hata Italia hawajaisikia. Na sehemu ya tatu yote inatokea usiku kando ya mto Nile. Mto wetu! Najua najua, maji mengi yanayofika Misri yanatoka kwao Ethiopia, sibishani na hilo, lakini ya kutoka hapa Jinja nayo yamo mle mle. Kama hujawahi kusikiliza hiyo sehemu ya tatu ifanyie kitu kimoja, zima kila kitu, vaa hedifoni, anza pale mwanzo kabisa: violini zinashika nota moja tu, wanairudia rudia kwa upole, inaruka juu inashuka chini ila nota ni ile ile, halafu fluti moja inaingia juu yake taratibu kama ukungu wa asubuhi pale mto unapotoka ziwani. Verdi hata Misri hakuwahi kukanyaga, sembuse Jinja, lakini yule mzee ule utulivu wa maji usiku aliupata sijui wapi. Halafu Aida anaingia anaimba kwamba nchi yake hataiona tena. Watu wangapi wanaishi hapa Uganda wamekimbia vita Sudan Kusini, Kongo, Somalia, wangeuelewa huo wimbo bila kutafsiriwa neno hata moja.

Niwaongelee waimbaji sasa maana wao ndio wananigusa zaidi. Mwaka mmoja kabla ya hiyo sherehe ya 100, Julai 2022, pale pale Verona, kulikuwa na Aida ya zamani iliyobuniwa na Zeffirelli (mwenyewe alishafariki 2019), na waimbaji wazungu walikuwa bado wanapakwa rangi nyeusi usoni ili waonekane Waafrika. Angel Blue, soprano (sauti ya juu ya kike) mweusi kutoka Marekani, alikuwa amepangiwa kuimba La Traviata, opera nyingine ya Verdi, jukwaa hilo hilo. Alivyoona zile picha akajitoa, akasema wazi kwamba hawezi kusimama mahali ambapo hicho kitu kinafanyika. Watu wakamshukia mitandaoni eti anaharibu utamaduni wa watu, eti ni meikapu tu. Mimi nilikuwa upande wake na bado niko upande wake. Mwimbaji wa opera anaishi kwa mikataba, ukivunja mmoja unaweza kufungiwa milango mingine, na yeye aliachia jukwaa ambalo waimbaji wengi wanaliota maisha yao yote. Miaka miwili na kitu baadaye, usiku wa 31 Desemba 2024, alisimama New York kwenye Metropolitan Opera akaimba Aida mwenyewe, kwenye toleo jipya kabisa la jumba lile. Kwa sura yake aliyopewa na Mungu.

Na kabla yake alikuwepo Leontyne Price, mtoto wa Laurel, Mississippi, aliyezaliwa 1927 enzi za ubaguzi mkali kule kusini. Januari 1985 aliaga jukwaa la opera kwa kuimba Aida hapo hapo Metropolitan. Video ipo, itafuteni. Anamaliza ule wimbo wa kando ya Nile, ukumbi unalipuka, makofi hayaishi, dakika zinapita, na yeye amesimama pale pale, hasemi kitu, hapungi mkono, kwa sababu bado yuko ndani ya Aida na onyesho halijaisha, lakini kamera ikisogea unaona macho yanamjaa. Mimi hiyo video nikiiangalia lazima niifuate na kimya kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Kuna watu wakisikia hivi wanasema hayo ni ya wenzetu, sisi sauti hizo hatuna. Uongo. Afrika Kusini wametoa Pretty Yende, msichana wa mji mdogo wa Piet Retief, alisikia opera mara ya kwanza kwenye tangazo la ndege kwenye tivi akiwa na miaka 16, na Mei 2023 akaimba kwenye kutawazwa kwa mfalme Charles London dunia nzima ikitazama. Na hakutoka hewani tu, kule kwao kuna kwaya kila mtaa, wanasoma solfa, zile nota za herufi d, r, m, wana mashindano ambayo watu wazima wafanyakazi wa kawaida wanaimba Verdi na Mozart. Solfa! Sisi tunasoma nini? Njoo kwenye mazoezi ya kwaya yetu jioni uone, karatasi zimetolewa fotokopi ya fotokopi hadi "m" na "r" huwezi kutofautisha, besi watatu tunagombania ukurasa mmoja, umeme ukikatika mwalimu anatupa sauti kwa mdomo, soprano hii, alto hii, tenor nyie mko chini pandeni, na kazi inaendelea gizani kwa tochi za simu. Desemba ikifika kwaya ngapi nchi hii zinaimba Haleluya ya Handel bila maikrofoni na jengo linatikisika. Shule zina mashindano yao ya muziki, ngoma na drama, watoto wa kijijini wanaigiza na kuimba kwa wakati mmoja na kucheza juu yake. Ukiniuliza mimi, mtoto anayeweza hivyo opera ameshaianza, kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kuna ngazi nyingine juu.

Na kazi zetu pia zipo, hapa ndipo ninapoumia. Byron Kawadwa aliandika Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo, mchezo wa kuimbwa kwa Kiganda, muziki ukatungwa na Wassanyi Serukenya, ni habari ya uroho wa madaraka na jinsi unavyovuruga nchi. Mapema 1977 Uganda ikaupeleka Lagos kwenye lile tamasha kubwa la sanaa za watu weusi duniani, FESTAC. Wakarudi. Na muda mfupi baada ya kurudi, Kawadwa, ambaye alikuwa ndiye mkurugenzi wa National Theatre, akachukuliwa na watu wa Amin na akauawa. Wengi wanaamini ni kwa ajili ya kazi ya jukwaani. Hebu fikiria watu wangekuwa na mtu kama huyo Italia, wangekuwa wanafungua naye msimu kila baada ya miaka michache, kila mtoto wa shule angekuwa anajua angalau kibwagizo kimoja. Sisi ukimuuliza kijana wa Wandegeya Wankoko ni nani anakuangalia tu, na sio kosa lake, ataijuaje kazi ambayo hajawahi kuonyeshwa?

Joseph Kyagambiddwa naye. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, muziki wa Kyagambiddwa juu ya mashahidi hao uliimbwa kule kule Roma, oratorio nzima, yaani hadithi ya dini inayoimbwa bila kuigizwa, iliyotungwa na Mganda kwa mtindo wa kwetu, na ngoma ndani yake. Kila tarehe 3 Juni Namugongo, pale mashahidi hao wanapokumbukwa, inajaa watu kutoka nchi zote hizi za jirani, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima. Ni hadhira gani nyingine unataka? Na Solomon Mbabi-Katana aliyefundisha muziki Makerere alitunga opera kabisa, inaitwa The Marriage of Nyakato. Opera ya Mganda, na kuna watu wenye digrii wanabishana na mimi kwamba haijawahi kuwepo.

Halafu matarumbeta. Aida kwenye sehemu ya pili ina yale maandamano ya ushindi ambayo hata asiyejua opera ameyasikia kwenye mpira, matarumbeta marefu yaliyonyooka, kundi la kwanza linapiga wimbo, kisha kundi la pili linaudaka na kuupandisha juu ghafla na nywele zinakusimama. Haya, sisi Busoga tuna bigwala. Matarumbeta ya vibuyu, kila moja lina sauti yake moja tu, mmoja akipiga peke yake hakuna wimbo, lazima wapokezane watano au zaidi ndio wimbo utoke, na huku wanazunguka wakicheza. Yalikuwa ya ikulu, ya kutawazwa na kuzikwa kwa wafalme, na falme zilipofutwa 1967 nayo yakaanza kufa hadi 2012 UNESCO wakayaweka kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka, wakati huo walikuwa wamebaki wazee wachache tu wanaojua. Mimi nimeyasikia kwa karibu, kile kibuyu ukikisogelea unasikia pumzi ya mpigaji kabla ya sauti yenyewe, na nasema bila kumumunya maneno kwamba matarumbeta ya Aida hayayazidi chochote. Yale yana jukwaa la kila mwaka. Basi.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. National Theatre pale Kampala ilifunguliwa 1959, maana yake 2029 inatimiza miaka 70, na kabla ya hapo 2027 inatimia miaka 50 tangu Kawadwa auawe. Wanaohusika tafadhali msituletee gala. Tuleteeni msimu. Wankoko ifungue, na waimbaji wachukuliwe kwenye kwaya za makanisa yote na madrasa pia kule kuna vijana wa kaswida wana sauti balaa, Nyakato ifuate, mashahidi wa Kyagambiddwa waimbwe Juni watu wakiwa wamekuja Namugongo, na bigwala waje wafungue kila jioni badala ya spika za diijei. Mavazi ya olubugo, ile nguo ya gome la mti, yapo, mafundi wapo Masaka. Na waimbaji walipwe, hili nalisisitiza, walipwe na mazoezi, sio soda na nauli ya boda, maana mtu hawezi kutoka kazini saa kumi na moja akaimba hadi saa tatu miezi mitatu kwa "asante sana tutakukumbuka". Sauti ni misuli, inachoka, inahitaji chakula na usingizi kama miguu ya mkimbiaji wetu Cheptegei.

Mtaniambia hela iko wapi. Najua hali ilivyo. Lakini Verona 1913 walianza na mwimbaji mmoja mwenye wazo na uwanja ambao ulikuwa umeshajengwa tayari, na sisi ukumbi tunao, nyimbo tunazo, sauti ndio usiseme. Kitu ninachoogopa mimi ni muda zaidi ya hela. Mtu aliyeimba Wankoko enzi zile akiwa kijana wa miaka 20 leo anakaribia 70 au ameshaipita. Yule ndiye anayejua pale wimbo unapopunguza mwendo, pale kwaya inapovuta pumzi, mambo ambayo hayaandikwi kwenye solfa yoyote. Kama mama yako au jajja wako alikuwemo, au mna kaseti au makaratasi ya nyimbo yale kwenye sanduku nyumbani, usiyachome usiyatupe wakati wa kuhama. Kaa naye jioni moja, washa rekoda ya simu, mwambie aimbe anachokumbuka hata kama ni nusu ubeti, halafu mpelekee mwalimu yeyote wa kwaya anayejua kuandika nota aiandike kabla ya wiki kuisha.