Spika Mpya Haihitaji Saa 200

Ukinunua spika au hedifoni na sauti yake ikakukera siku ya kwanza, kuna jibu utakalopewa karibu popote duniani: bado ngumu hizo, zipigie muziki kwanza zilainike. Wapo watakaokutajia saa 50, wapo wa saa 100, na kadiri bei inavyopanda ndivyo saa nazo zinavyopanda, hadi 200 na zaidi. Ushauri huu unaniudhi, tena unaniudhi zaidi kwa sababu ndani yake mna ukweli kidogo, na ukweli huo mdogo ndio unaobebeshwa uongo mkubwa.

Koni ya spika hushikiliwa na vitu viwili. Mbele kuna ukingo wa mpira au sponji unaoizunguka, na nyuma kuna duara la kitambaa chenye mikunjo, kilichokaushwa kwa gundi, linaloiweka koili, yaani msokoto wa waya unaoisukuma koni, sawasawa katikati ya sumaku. Spika ikiwa mpya kabisa, kitambaa hicho ni kigumu. Ukiipiga kwa nguvu gundi inaachia kidogo kidogo kwenye nyuzi, kitambaa kinalegea, koni inacheza kwa wepesi zaidi. Hili si la kubishaniwa, linapimika. Spika ya besi ambayo koni yake ilipenda kutikisika kwenye hezi 40, yaani mara 40 kwa sekunde, yaweza kushuka hadi 36 au 37. Watengenezaji makini wanalijua, na ndiyo maana huzipiga spika kwanza kabla ya kuandika vipimo vyake.

Sasa uliza: kulegea huko huchukua muda gani? Sehemu kubwa hutokea katika dakika za mwanzo za kupigwa kwa nguvu, na kinachobaki huisha kwa saa chache. Hakuna miezi hapo. Tena ukiizima ikapumzika, sehemu ya ugumu ule hurudi.

Halafu kuna boksi, ambalo watu hulisahau. Mwaka 1954 Mmarekani Edgar Villchur alitoa spika yake AR-1, ambayo hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ndiyo inayofanya kazi ya springi, na kitambaa kinabaki msaidizi tu. Katika boksi dogo lililozibwa namna hiyo, hewa ina ugumu zaidi kuliko kitambaa, na hewa haina cha kuzoea. Kitambaa kikilegea kwa sehemu ya kumi, besi unayoisikia hubadilika kwa chini ya desibeli moja, tofauti ndogo sana ya sauti. Sogeza spika hiyohiyo hadi karibu na ukuta na utapata badiliko kubwa zaidi, bila kungoja lolote.

Hedifoni zina jambo lake la kweli: mito. Ikizoea kichwa chako hulainika, inaziba vizuri kuzunguka sikio, na besi haivuji tena. Lakini hata hapo, kuivaa upya ikae mahali tofauti kidogo kunaweza kubadilisha sauti kuliko saa zote unazoambiwa usubiri. Amplifaya za taa, zile za zilizopo za kioo badala ya transista, zinahitaji dakika kadhaa zipate moto, basi. Kuhusu waya sina la kupamba. Shaba inayopitisha umeme wa muziki haina kitu cha kulainika, na anayekuambia waya wake utafunguka baada ya saa 100 anakuuzia hadithi. Kuna hata mashine zinazouzwa za kuzoeza waya, na watu wanazinunua.

Kwa nini basi watu wengi, waaminifu kabisa, wanaapa kwamba sauti imebadilika? Kwa sababu kweli imebadilika, ila kwao wenyewe. Kiatu kipya kinalainika, lakini mguu nao unazoea, na sikio halina tofauti na mguu. Wiki mbili za kusikiliza besi nyepesi zinatosha kuifanya iwe besi ya kawaida. Mtazame pia anayesikiliza anavyofanya na kitufe cha sauti. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson wa maabara ya Bell Laboratories, Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi haraka kuliko sauti za kati. Mnunuzi akizoea spika zake anaongeza sauti kidogo bila kujua, besi inajitokeza, naye anasema spika zimefunguka. Na angalia hili: sijasoma hata mtu mmoja akilalamika kwamba spika ilikuwa nzuri siku ya kwanza ikaharibika kwa kuzoeshwa. Kama badiliko lingekuwa la kifaa peke yake, lingeelekea pande zote mbili.

(Spika huharibika, lakini kwa miaka. Pwani yetu yenye joto na unyevu inamaliza kingo za sponji, zinabanduka vipandevipande hadi fundi abandike nyingine. Huo ndio uzee wa kweli wa spika.)

Linaloniuma ni pesa. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo. Akisikiliza saa tatu kila siku, siku hizo zikiisha amefikisha saa 42. Saa 200 atazifikia baada ya zaidi ya miezi miwili, wakati haki ya kurudisha imeshapita. Kwetu hali ni ngumu zaidi, maana risiti nyingi zimeandikwa mapema kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo nafasi ya pekee uliyonayo ni pale dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, kabla hujatoa hela. Beba nyimbo unazozijua hadi pumzi za mwimbaji. Mwambie muuzaji azipige spika mbili unazozilinganisha kwa kiwango kimoja cha sauti, kwa sababu inayopiga juu kidogo itaonekana bora hata kama si bora. Akisema pea mpya itakuja kulainika, mwombe aiweke pembeni ya ile ya maonyesho iliyopigwa miezi mingi, kisha akubadilishie huku umegeuka, hujui ipi ni ipi.

Na kiwanda kinachoamini kwa dhati kwamba spika zake zinahitaji saa 200 kizipige saa hizo chenyewe kabla ya kuzifunga kwenye katoni, au kitupe miezi mitatu ya kuzirudisha.