Pedeli ya Kushoto Iliyoniliza

Lugha yetu imeupa upande wa kulia jina linalofanana na kilio, lakini nawathibitishia wenzangu wenye baiskeli kwamba pedeli ya kulia haikunitoa hata chozi moja, ukilinganisha na yale niliyotendwa na mwenziwe wa kushoto. Nilikuwa nimenunua pedeli mpya kwa sababu ile ya kulia ilikuwa ikitoa mlio kila mzunguko kama kifaranga aliyekanyagwa, na ya kushoto ilikuwa imevunjika kikanyagio, hata nikawa nakanyaga ekseli tupu, yaani kile kijiti cha chuma kinachobeba pedeli, kama mganga anayetembea juu ya misumari. Nikamtangazia mke wangu kwamba nahitaji dakika kumi tu. Alinijibu, "Baba watoto, dakika zako kumi nazijua," kisha akaingia ndani na kufunga mlango taratibu, jambo ambalo huniudhi kuliko kuubamiza.

Aibu ya kwanza ilitokana na spana. Nilichukua spana malaya, ambayo kwa tabia yake hukubali kila nati, lakini mara hii taya zake zilikuwa nene mno kuingia katika kile kinafasi kilichopo kati ya pedeli na krenki, ule mkono ambao pedeli hufungwa kwenye ncha yake. Kinachotakiwa pale ni spana namba 15 iliyo nyembamba, na ziko pedeli nyingine zisizo na mahali pa kushika kwa spana kabisa, ambazo hufunguliwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 6 au 8 kutokea upande wa ndani wa krenki. Jirani yangu alikuwa na spana nyembamba, naye akaniazima kwa moyo mweupe, ila kila kifaa anachoazima jirani huyu huja pamoja na yeye mwenyewe, kigoda chake na ushauri wake.

Pedeli ya kulia ilikuwa imeshikamana na krenki kana kwamba vilizaliwa pamoja. Ekseli ya pedeli ni ya chuma na krenki yangu ni ya alumini, na metali hizo mbili zikikutana na maji, hasa yenye chumvi, huanza kulana polepole hadi nyuzi za skrubu zijazwe unga wa kutu na kugandana. Dawa yake ni grisi kidogo siku ya kufunga, lakini mtu aliyezifunga pedeli hizo hakupaka grisi hata chembe, na naomba nisimtaje jina kwa sababu nakaa naye katika mwili mmoja.

Jirani alipendekeza nyundo. Nilipokataa, alipendekeza moto wa gesi, na macho yake yaling'aa kwa namna iliyonifanya nisogeze baiskeli karibu na miguu yangu. Ukweli ni kwamba nyundo huweza kupinda krenki, na moto mkali huunguza rangi na kuidhoofisha alumini yenyewe, na mtu akishaharibu krenki kwa ajili ya pedeli iliyokwisha kuvunjika, amechoma nyumba ili amfukuze panya. Nilitia mafuta ya kulainisha kutu pande zote mbili, yaani pale pedeli inapoingia na kwa nyuma ya krenki ambako ncha ya ekseli huonekana, nikayaacha yajipenyeze usiku kucha. Asubuhi niliimiminia krenki maji yaliyochemka kutoka kwenye birika, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopata joto, hivyo tundu hulegea kidogo kabla ekseli haijajua kilichotokea.

Hata hivyo, nilipokandamiza spana, krenki nzima ilizunguka kinyumenyume bila ubishi, kama mtoto anayekwepa kuogeshwa. Ukifungua pedeli, nguvu yako huelekea upande ambao gurudumu la nyuma halizuii, kwa hiyo lazima mtu aishike krenki ya pili. Mwanangu aliishika. Nikakandamiza tena, spana ikateleza, na vifundo vya vidole vyangu vikasalimiana na meno ya sproketi, lile duara la meno linalovuta mnyororo. Ndipo jirani aliponiambia, akiwa bado ameketi, kwamba watu wenye akili huweka kwanza mnyororo juu ya sproketi kubwa ili ufunike meno hayo. Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, akajibu kwamba hakuulizwa. Jaribio la tatu likatoa sauti kavu ya "ka!" kama kijiti kinachovunjika, na pedeli ikaanza kutoka kwa amani.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyoniponza. Nilihamia upande wa kushoto nikiwa na kifua mbele, nikazungusha spana kinyume cha mwendo wa saa kama nilivyofanya upande wa kulia na kama nilivyofungua kila skrubu, chupa na bomba tangu nizaliwe. Haikusogea. Nikatia mafuta, nikalala, nikamimina maji ya moto, haikusogea. Siku ya pili niliichomeka spana ndani ya kipande cha bomba refu ili kuongeza nguvu, nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote huku mwanangu akihesabu moja, mbili, tatu, na nilihisi imesogea nywele moja. Nilishangilia. Jirani naye alishangilia.

Jioni mke wangu alitoka kuita watu wakaoge, akainama, akauliza ile herufi L iliyochongwa kwenye ncha ya ekseli ina maana gani. Nilimweleza kwa upole wa mtaalamu kwamba hiyo ni saizi, kama kwenye mashati. Akaiokota pedeli iliyokwisha kutoka, akaonyesha R, akauliza kama nayo ni saizi. Hapo palikuwa kimya. Herufi hizo zimetoka kwenye Kiingereza na zinataja upande wa kushoto na wa kulia, na afadhali, maana tungeziandika sisi, kulia na kushoto zote zingekuwa K.

Herufi hizo zipo kwa sababu pedeli hazibadilishani upande: nyuzi za pedeli ya kushoto zimekatwa kinyume, na kwa siku mbili, kwa bomba, mafuta na maji ya moto, nilikuwa naikaza. Walioziunda hawakufanya hivyo kwa chuki dhidi yangu. Uzito wa mguu huzunguka ndani ya tundu la krenki na kuisogeza ekseli kidogokidogo, na kama nyuzi za kushoto zingekuwa za kawaida, pedeli hiyo ingejifungua yenyewe njiani. Kanuni niliyoiandika ukutani kwa chaki ni hii: simamisha spana ielekee juu, kisha isukume kuelekea gurudumu la nyuma, na pande zote mbili zitafunguka.

Nilibomoa kazi yangu mwenyewe kwa saa nzima, nikihofia kila mara kwamba nyuzi laini za alumini zingetoka pamoja na ekseli, na kama ingegoma ningeivua krenki yote, niibane ekseli kwenye jiriwa na kuizungusha krenki kama mpini. Haikufika huko. Nilisugua nyuzi kwa mswaki mkuukuu, nikapaka grisi bila ubahili, nikaanza kufunga kwa vidole hadi nihisi zimeshikana sawasawa. Wenye spana ya kupimia hukaza kati ya 35 na 40 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia). Mimi nilikaza hadi mishipa ya shingo ilipoanza kuonekana, nikaacha.

Kesho yake jirani alikuja kuchukua spana yake, akasema na yeye ameamua kubadilisha pedeli, na kwamba ataanza na ya kushoto. Nilibeba kigoda nikamfuata. Aliiweka spana, akaizungusha kinyume cha mwendo wa saa, akakunja uso, akaniomba nimletee lile bomba. Nilimletea. Nilimwacha aning'inie kwa dakika kumi hivi, na alipopumzika kufuta jasho akauliza kama nina ushauri wowote, nikamjibu kwamba sasa ameuliza.