Fidla kando ya jaa la Dandora

Ukisimama kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana kule Korogocho, Nairobi, sikio linasikia fidla na pua inasikia moshi. Upande huu watoto wanarudia skeli moja mpaka ikae mkononi. Upande wa pili ni jaa la Dandora. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008, unawafundisha hapo watoto wa mtaa muziki wa okestra. Mradi wa namna hii ukitajwa popote, mabishano huwa yale yale. Mmoja atasema muziki umemwokoa mtoto na barabara. Mwingine atauliza: mtoto hajala, wewe unampa fidla?

Swali hilo lina uzito, na wapenda muziki tusilikimbie. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa matokeo ya kuwapima watoto 328 wa maeneo yanayozunguka jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa kuwa sumu. Jaa lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori yaliendelea kumwaga. Mtoto anayepuliza tarumbeta lazima kwanza avute pumzi, na anavuta hewa ile ile. Hakuna wimbo utakaomtoa risasi mwilini. Tena picha ya mtoto mwenye fidla mbele ya lundo la taka inapendeza mno machoni pa wafadhili, kiasi kwamba lundo lenyewe linaanza kuonekana kama pambo la nyuma ya jukwaa. Hili linaniuma kila ninapoona picha hizo.

Lakini fedha za fidla hazikutengwa kuhamisha jaa. Mradi ukifungwa kesho, malori yatakuja kesho kutwa kama kawaida. Halafu tazama watu wenyewe wa mitaa hii wanavyoishi: kwaya zinafanya mazoezi usiku baada ya kazi, watoto wa madrasa wanapiga dufu na kusoma kaswida za Maulidi. Hakuna aliyewahi kumsimamisha mtoto wa madrasa mlangoni amuulize kama amekula ndipo apewe dufu. Maskini hajawahi kusubiri ashibe ndipo aimbe, na sioni kwa nini darasa la muziki peke yake ndilo liambiwe lisubiri.

Lipo pia pingamizi la muziki wa nani. Kwa nini mtoto wa Korogocho afundishwe muziki wa Ulaya, wakati nyatiti na orutu, ala za nyuzi za Waluo, zinazeeka na wapigaji wake? Mimi naliheshimu nusu. Fidla imekuwa ya waswahili muda mrefu. Taarabu ya Unguja, iliyokua kutoka enzi za Sultani Barghash, imeifanya iseme Kiswahili. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, hakusoma shule, akatembeza vyungu, na mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay. Hakuna aliyemwambia ala za wageni hazimfai. Nusu nyingine ya pingamizi naikubali kabisa. Chuo cha muziki cha Mji Mkongwe wa Zanzibar, kilichoanza mwaka 2002, kinafundisha fidla, ala za nyuzi za udi na kanuni, na ngoma katika nyumba moja. Mtoto anayetoka darasani akijua nota za Wajerumani bila kujua mdundo anaoucheza bibi yake amefundishwa nusu.

Swali linaloninyima usingizi mimi ni jingine: ni nani hasa anayeingia darasani na kubaki? Mfano mkubwa kuliko yote duniani ni El Sistema, mpango wa Venezuela wa kuwafundisha watoto muziki wa okestra, ulioanzishwa mwaka 1975 na José Antonio Abreu, na ndiko alikolelewa Gustavo Dudamel aliyekuja kuongoza okestra ya Los Angeles. Nchi nyingi zimeiga. Watafiti waliwafuatilia watoto 2,914 wa huko, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, watoto waliopata nafasi mapema walijizuia vizuri zaidi kitabia kuliko waliosubiri, na nafuu ilionekana zaidi kwa wavulana walioishi penye vurugu. Akili za darasani na moyo wa kusaidiana havikuonyesha tofauti. Matokeo ni ya kiasi, na yanatosha kumnyamazisha anayesema muziki ni upuuzi, kama yanavyotosha kumnyamazisha anayesema unaponya kila kitu. Ila tarakimu nyingine ndiyo iliyonishika: waliokadiriwa kutoka familia maskini walikuwa asilimia 16.7 ya watoto hao, ilhali umaskini katika majimbo yao ulikuwa asilimia 46.5. Mpango uliosifiwa kwa ajili ya maskini ulikuwa umejaa walio na nafuu.

Nilidhani hayo ni ya Venezuela, mpaka nilipokumbuka Jumamosi zangu mwenyewe. Nilifundisha fidla kwenye ukumbi mmoja wa mtaani hapa Nairobi. Fidla zilibaki kabatini, kwa sababu nyumba ya mabati ikivuja, gundi inaachia na ala imekwisha. Binti mmoja wa miaka kumi na mmoja alichukua mwiko wa mama yake, akachora nyuzi nne kwa biro kwenye mpini, na jioni akawa anafanyia mazoezi ya vidole hapo, bila sauti. Alipouleta kunionyesha, biro ilikuwa imefutika pale kidole cha tatu kinapokaa. Vidole vyake vilitua kwenye nota kuliko vya wote.

Halafu akaacha kuja. Wiki ya tatu nikakutana na mama yake sokoni. Alikuwa amepata kazi ya kufua nguo, na Jumamosi ndiyo siku yenye kazi. “Mwalimu, angekuja,” aliniambia, “lakini huyu mdogo wake nimwachie nani?”

Hakuna aliyemfukuza. Nafasi yake tulikuwa tumekwishampa mtoto mwingine, ambaye nyumbani kwao kulikuwa na msaidizi wa kulea. Ndivyo maskini anavyotoka kwenye darasa la maskini, kimya kimya, na ripoti kwa mfadhili inaendelea kusema viti vimejaa.

Baada ya hapo tuliongeza safu kwenye daftari la mahudhurio: aliyekosa, na kwa nini. Sababu ya kulea wadogo ilijirudia karibu kila ukurasa, na karibu zote zilikuwa za wasichana. Tukatandika mkeka nyuma ya ukumbi. Siku hizi wadogo wanalala, wanalia, wanagombania kifuniko cha chupa katikati ya somo, na kulinganisha sauti za nyuzi za fidla kwenye kelele ile ni kazi. Yule binti alirudi mwezi wa pili yake, mdogo wake mgongoni, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama fidla yake bado iko.