Kabla ya kuuliza faida ya kampuni, uliza riba ya serikali

Mazungumzo ya hisa yakianza hapa Kampala, swali linakuwa lile lile: kampuni gani inapata faida? Ni swali zuri, ila mimi silianzi. Naanza na hili: mwaka huu serikali inakopa kwa riba ya asilimia ngapi?

Tazama MTN Uganda. Mwishoni mwa 2021 iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 200 kila moja, na Desemba ikaingia sokoni rasmi. Hata watu ambao hawajawahi kukanyaga ofisi ya dalali walinunua. Ukaja 2022. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya petroli, mafuta ya kupikia na sabuni havikushikika, na kufikia Oktoba mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 10. Benki Kuu ya Uganda ikapandisha riba yake kutoka asilimia 6.5 hadi 10 ndani ya mwaka huo huo. Watu hawakuacha kupiga simu wala kutumiana pesa, na faida ya kampuni ilizidi kukua. Bei ya hisa nayo ikateremka chini ya 200.

Mama mmoja anayeuza vitenge Kikuubo alinionyesha simu yake wakati huo. Gawio, yaani sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa, lilikuwa limeingia, lakini thamani ya hisa zake imepungua. "Mwanangu, kampuni inapata, sasa mbona mimi napoteza?"

Jibu liko kwenye hesabu. Tuseme una shilingi milioni moja na unanunua hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali, ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 15. Kwa mwaka inakupa 150,000, nusu kila baada ya miezi sita. Kodi ya asilimia 10 ikikatwa unabaki na 135,000, na hujapoteza usingizi. Aliyenunua hisa 5,000 kwa shilingi 200 ametoa milioni ile ile. Gawio la kampuni iliyo sokoni nalo hukatwa asilimia 10, kwa hiyo ili afike 135,000, kila hisa ilipaswa kulipa shilingi 30 kwa mwaka. Isipofika hapo, tegemeo lake ni bei kupanda. Nani ataipandisha, iwapo wenye fedha nyingi wamehamia kwenye hatifungani? Wanunuzi wakubwa katika soko letu ni wachache: NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mifuko mingine ya pensheni, kampuni za bima. Wakigeukia upande mmoja, soko zima linayumba.

Mwaka huo huo wa 2022 Marekani nayo ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 4, na wawekezaji wa nje wakaanza kuondoa fedha zao katika masoko ya Afrika. Airtel Uganda ilipoleta hisa zake 2023 kwa shilingi 100, ilikuta hali bado ngumu: zilinunuliwa zaidi kidogo ya nusu ya zilizotolewa.

Kuna jambo jingine linaloniudhi katika habari zetu za biashara. Tunaambiwa soko la Uganda limeshuka, kwa kipimo cha hisa zote. Lakini kipimo hicho kinabeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa hapa na Nairobi pia, kama kampuni ya bia ya EABL na benki za KCB na Equity, ambazo bei zake huamuliwa Nairobi. Shilingi ya Kenya ilipoporomoka hadi karibu 160 kwa dola mapema 2024, kipimo chetu nacho kiliumia, wakati mkulima wa kahawa wa Masaka hakuwa na uhusiano wowote na mambo hayo. Kipo kipimo cha kampuni za ndani pekee. Hicho ndicho kingesomwa kwanza.

(Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ni kesi ya peke yake. Mkataba wake na serikali uliisha Machi 2025, na kwa miaka kadhaa hisa zake zilifuata habari za mkataba kuliko hali ya uchumi.)

Sipingi hatifungani. Barabara zinajengwa, walimu wanalipwa. Ila serikali hiyo hiyo imezitaka kampuni za simu ziuze asilimia 20 ya hisa zao kwa umma, ili mwananchi awe mmiliki, kisha inakuja kwenye soko lile lile kuchukua akiba ya mwananchi huyo kwa riba ambayo kampuni haiwezi kuifikia. Mwenye kiwanda Namanve anaumia mara mbili: mkopo wa benki unakuwa ghali na faida inapungua, na akifikiria kuuza hisa, hakuna wa kuzinunua kwa bei ya maana. Ndiyo maana kampuni zetu nyingi nzuri haziji sokoni kabisa.

Bajeti ikisomwa Juni, magazeti yatajaa habari za kodi mpya. Wewe mwenye hisa, tafuta ukurasa unaoonyesha serikali inakusudia kukopa kiasi gani humu ndani, kisha ulinganishe na mwaka uliopita. Kiasi hicho kikiongezeka sana, usishangae bei ikisinzia hata kampuni yako ikitangaza faida nono. Kikipungua na riba ya hatifungani ikaanza kushuka, hapo ndipo pa kuanza kuzungumza na dalali.