Basari ya Mheshimiwa na Somo la Serikali

Katika somo la Historia na Serikali, mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufundishwa kwamba Bunge hutunga sheria na kuichunga serikali inavyotumia fedha za umma. Shule zikifungwa, mwanafunzi huyohuyo huandamana na mamake hadi ofisi ya hazina ya eneobunge, mfuko wa pesa za umma ulio chini ya kivuli cha mbunge, kuchukua fomu ya basari, yaani msaada wa karo. Fomu inataka muhuri wa chifu, sahihi ya mchungaji au imamu, barua ya mwalimu mkuu na, kwa yatima, cheti cha kifo cha mzazi. Somo hili la pili halitahiniwi, ila ndilo linalokaa kichwani: karo hulipwa na mbunge.

Hazina yenyewe, NG-CDF, ilianza kwa sheria ya 2003 na kuundwa upya 2015. Hutengewa angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa, ikagawiwa maeneobunge 290. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya 2015 inakiuka Katiba, na kwamba hazina ifikie kikomo 30 Juni 2026. Julai 2025 Bunge la Kitaifa likajibu kwa kupitisha mswada wa kuiingiza hazina hiyo ndani ya Katiba yenyewe. Kwa majaji, mtunga sheria hawezi kugeuka mtekelezaji wa miradi kisha ajikague. Kwa mzazi mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani, mjadala huo ni wa watu walioshiba.

Na mzazi huyo ana hoja. Masomo katika sekondari za kutwa yamegharimiwa na serikali tangu 2008, kwa kiwango kilichopangwa, tangu 2018, kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini walimu wakuu wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba pesa hizo huja kwa vipande, tena zimechelewa. Chakula cha mchana, sare na ada ya bweni vinabaki shingoni mwa mzazi. Mtoto akifukuzwa Jumanne, mzazi anatafuta mlango wa kubisha Jumatano, na ofisi ya eneobunge iko papo hapo karibu na soko, na karani wake anazungumza lugha ya nyumbani. Chifu naye anamjua aliyeuza ng'ombe akanywa pesa, na aliyeuza ng'ombe akampeleka mgonjwa hospitali.

Ujuzi huo mtambo wa Nairobi hauna. Mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi kulingana na hali ya nyumbani, na malalamiko yakamiminika kutoka kwa watoto wa maskini waliojikuta miongoni mwa wenye nacho. Ukimjazia mtu fomu kule saiba, kwenye duka la intaneti, tarakilishi haiwezi kujua kwamba bati jipya kwenye nyumba yake lilinunuliwa na chama cha akina mama.

Hata hivyo ukaribu una bei, na hapa ndipo ninapoachana na watetezi wa hazina. Kinachotoka mara nyingi ni elfu chache tu, kwa sababu mwanasiasa hufaidika zaidi akiwagusa wengi kidogo kuliko kumlipia mmoja hadi amalize. Hundi nazo hungoja sherehe. Halafu milango ni mingi: eneobunge, kaunti, mwakilishi wa kike, wakfu za benki. Mwenye shangazi mjuaji hubisha yote akafunguliwa mitatu. Wa kule bondeni anasikia habari siku fomu zinaporudishwa. (Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alipozitaka kaunti zisimamishe basari hadi ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa, ilionekana jinsi mlango mmoja unavyoweza kufungwa katikati ya muhula.) Haya yote katika nchi ambayo kifungu cha 53 cha Katiba yake kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure, na sheria ya elimu ya 2013 inaihesabu sekondari kuwa sehemu ya elimu hiyo.

Ningependa pesa hizi ziende shuleni moja kwa moja, ziongezwe kwenye mgao wa kila mwanafunzi, na kile kidogo cha kuwasaidia walioachwa nyuma kiamuliwe na walimu, chifu na wazazi, orodha ibandikwe ukutani pa shule bila picha ya mtu. Ila mpangilio una uzito wake. Ukiifunga hazina kabla mgao wa shule haujafika kamili na kwa wakati, utakuwa umeipa Katiba heshima kwa karo ya mtoto wa mwingine, na mimi sina mtoto kwenye foleni hiyo.

Mwalimu wa Historia na Serikali hahitaji kungoja Bunge wala mahakama. Achukue fomu tupu ya basari, aipeleke darasani, wanafunzi waisome mstari kwa mstari: nani anasaini, nani anaamua, mtu akinyimwa akate rufaa wapi. Kisha awaulize kwa nini baadhi ya fomu hizo, kati ya nafasi ya jina la kata na ya jina la shule, zinataka kujua kituo cha kupigia kura.