Kisanduku chenye alama ya vyema

Dalali wa hapa San Francisco kanipa makaratasi ya flati ninayoipigia mahesabu kule mtaa wa Mission. Ndani kuna kipengele kinachouliza kama ardhi ile inaweza kulegea ikawa tope tetemeko likipiga. Kisanduku cha "Ndiyo" kimetiwa vyema. Sheria ya California inamlazimisha muuzaji aseme. Nilikisoma mara tatu, nikacheka peke yangu.

Najua mtaniambia: huyo keshaanza, kala baga mbili anatufundisha kujenga. Subirini. Sijasema hawa wana akili kutuzidi. Mission palikuwa na kijito na kinamasi, wakavifukia wenyewe. Aprili 1906 tetemeko likapiga, hoteli ya ghorofa nne mtaa wa Valencia ikazama mpaka ghorofa ya juu ikawa usawa wa barabara, watu wakiwa ndani. Wakajifunza? Thubutu! Wakajaza ghuba pale Marina, mtaa mwingine wa mji huu huu, kwa ajili ya maonyesho ya 1915, wakapanga nyumba juu yake. Mchanga ulioloa ukitikiswa, maji hupanda, chembe zikaachana, nyumba ikabaki imekalia uji. Oktoba 1989 tetemeko jingine lilipopiga, uji ule ulifoka barabarani na vipande vya mbao zilizoungua kwenye moto wa 1906.

Walichotuzidi ni karatasi tu. Tena sisi hatukuhitaji hata karatasi, maana wazee walituandikia kwenye majina. Msasani, Dar es Salaam, kuna Bonde la Mpunga. Bonde. La mpunga! Mpunga unalimwa wapi, jamani, mlimani? Na bado mtu anamwaga malori ya kifusi, anapandisha ghorofa, mvua ikinyesha analaumu serikali.

"Dar hakuna matetemeko, hayo ya Bukoba." Haya. Agosti 2020 bahari ilipotikisika upande wa Mafia, nani alishuka ngazi za ghorofa bila viatu? Mimi nilipigiwa simu na hao hao.

Mdogo wangu kanitumia picha ya kiwanja anachotaka nimchangie. Tambarare, kifusi kipya chekundu, vigingi vinne. Nikamuuliza hapo zamani palikuwa nini.

"Pori tu, kaka. Mwenyeji kasema."

Nimeikuza ile picha. Nyuma ya kigingi cha tatu kuna matete yamesimama, mabichi kabisa, na bata wawili.